Sekunde Moja na Nusu za Keumbu

Ukitoka Kisii mjini kuelekea Keroka, barabara inapanda na kushuka vilima vya Nyaribari mpaka inapoingia Keumbu, na hapo soko linakulaki kwenye ukingo wa lami. Mikungu ya ndizi imepangwa kandokando, akina mama wa maparachichi wameketi hatua chache tu kutoka magurudumu yanapopita, na boda boda anageuza popote alipoitwa. Dereva anayeyajua mazingira hayo huanza kupunguza mwendo kabla hajayafikia matuta. Basi ni hapo hapo, anapoinua mguu kwenye mafuta, ndipo anapotupa jicho kwenye kioo na kukuta kimejaa gari la mtu mwingine: Probox nyeupe, taa zinawaka na kuzimika, honi fupi fupi, dereva ameinamia usukani.

Barabara hii ni ya watu wengi wenye haraka tofauti. Hupita mabasi ya Nairobi yanayozunguka kwa Sotik, Bomet na Narok. Hupita malori ya majani mabichi ya chai yanayowahi kiwandani, ambulansi za hospitali ya Keumbu, matatu za Keroka na Kijauri, mwalimu na gari lake dogo la mkopo. Mtu aende 40 au atake kwenda 100, njia ni hiyo moja tu ya kwenda na moja ya kurudi. Kwa hiyo kutiwa mgongoni, kama wasemavyo wengine, yaani kufuatwa karibu mno, ni jambo la kila siku hapa, na wengi wetu tumelizoea tukaliona kuwa ni ukosefu wa adabu tu. Lina hesabu zake, na hesabu hizo hazimpendelei anayefuata.

Tuanze na faida anayoitafuta. Chukua magari mawili yanayoifuata matatu moja kutoka Keumbu hadi Kisii bila nafasi ya kuipita. Dereva wa kwanza ameacha nafasi ya sekunde 2 nyuma ya matatu hiyo. Wa pili, katika safari nyingine iliyo sawa kabisa na hiyo, amejibana mpaka ikabaki nusu sekunde. Wote wawili wanakwenda kwa kasi ya matatu iliyo mbele, kwa kuwa hawawezi kwenda kasi zaidi yake bila kuigonga. Je, aliyejibana atafika mapema kwa kiasi gani? Sekunde moja na nusu. Si kwa kila kilomita. Ni kwa safari nzima, iwe ya kwenda Kisii au ya kwenda Nairobi. Hicho ndicho kitu pekee alichokinunua kwa honi zote zile.

Na mara nyingine hata hicho hakipati. Mwaka 2008, Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya na wenzake huko Japani walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa jepesi kulieleza: magari 22 yalipangwa kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende kwa kasi moja, kama kilomita 30 kwa saa, kila mmoja akimfuata mwenzake. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na trafiki wala mbuzi wa kuvuka. Baada ya muda mfupi msongamano ulizuka wenyewe. Dereva mmoja aligusa breki kidogo, wa nyuma yake kwa kuwa karibu akalazimika kugusa zaidi, wa tatu zaidi ya huyo, mpaka gari fulani likasimama kabisa. Kisha wimbi hilo la kusimama likawa linarudi nyuma kutoka gari hadi gari, kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Wanaoingia Kisii mjini jioni wanalijua wimbi hilo kwa miguu yao, ingawa wao hulaumu tuta.

Sasa gharama. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Nafasi ya nusu sekunde ni mita 8, yaani urefu wa magari mawili hivi. Tatizo ni kwamba mguu wa binadamu hauhami kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki kwa nusu sekunde. Watafiti waliopima jambo hili wamekuta kwamba dereva anayejua kabisa kuwa taa nyekundu itawaka sasa hivi, na hana jambo jingine kichwani, huchukua kama sekunde 0.7. Dereva aliyeshtukizwa, kwa mfano na mtoto anayetoka nyuma ya mikungu ya ndizi, huchukua sekunde 1.5. Ndani ya muda huo gari lake bado liko kwenye kasi ile ile, na mita 25 zimekwisha pita kabla breki haijaanza kazi. Awe na breki mpya kabisa, awe ameendesha miaka 20: alichokosa ni nafasi ya kuitumia breki hiyo.

Watu wengi hudhani umbali salama ni ule wa kutosha kusimama kabisa. Ukiwa nyuma ya gari linalosonga, si lazima uwe mrefu hivyo, kwa sababu nalo linahitaji umbali wake wa kusimama. Kama breki na matairi yenu yanalingana, kinachotakiwa katikati yenu ni muda wa wewe kushtuka na kukanyaga, basi. Kanuni ya sekunde 2 inayofundishwa nchi nyingi, pamoja na Uingereza, imetoka hapo: sekunde 1.5 za mshtuko na kidogo cha akiba. Mvua ikinyesha, huongezwa mara mbili.

Lakini yale maneno “kama breki na matairi yenu yanalingana” ndiyo yenye taabu katika vilima vya Gusii.

Mvua kwanza. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi hushuka alasiri, wakati ule ule soko linapofungwa na watu wanarudi nyumbani. Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na mafuta na vumbi lililokaa juu ya lami kabla hayajalisafisha. Kisha huja udongo mwekundu unaoburutwa na magurudumu ya malori na pikipiki kutoka barabara za ndani. Katika lami kavu, gari zuri linalokwenda 60 huhitaji kama mita 20 za kusimama tangu breki iliposhika. Lami ikilowa, mita 35. Ikilowa na kuteremka mlima wa kawaida wa huku, mita 44. Ongeza zile 25 za mshtuko, utaona kwamba gari lile lile na dereva yule yule wanahitaji karibu mita 70 ambako jua likiwaka wangetosheka na 45.

Pili, mzigo. Toyota ilipoitoa Probox mwaka 2002, ilikuwa gari la mizigo midogo na la watu 5. Katika barabara zetu hubeba watu 10 na zaidi, wengine kwenye buti pamoja na magunia, na dereva mwenyewe akigawana kiti na abiria. Tazama gari kama hilo kwa makini linapokupita. Nyuma limekaa chini, mbele limeinuka. Kuinuka huko kuna mambo mawili yasiyosemwa sana. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, na sasa yamepunguziwa uzito unaoyasaidia kushika lami. Halafu, taa zimeelekea juu. Hata dereva akiwa ameweka taa hafifu kwa nia njema, zinakupiga moja kwa moja kwenye kioo, nawe unadhani amekuwashia taa kali makusudi. Ugomvi mwingi wa usiku kati ya Keroka na Kisii nadhani huanzia kwenye springi.

Na mguu wa dereva anayegawana kiti? Una nafasi ndogo ya kuhama kutoka kanyagio moja hadi lingine, kwa hiyo zile sekunde 1.5 tulizomhesabia ni za huruma.

Tatu, mteremko. Baadhi ya madereva wakishuka huweka gia frii ili kuokoa mafuta. Gari lililo kwenye gia hushikiliwa na injini. Lililoachiwa linabaki na breki pekee, na breki zinazoshikwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Lori la chai lililo mgongoni mwako likiteremka bila gia linaweza kuwa linaendeshwa na mtu mpole kabisa, asiye na haraka yoyote, na bado likawa hatari kuliko ile Probox yenye honi. Isitoshe, breki za hewa za malori makubwa huchelewa kidogo kushika baada ya kukanyagwa. Ukali wa mtu wa nyuma hausemi lolote kuhusu breki zake.

Wapo watakaosema: sijibani ili nifike mapema, najibana ili nikipata mwanya nipite. Hoja hiyo ina uzito kidogo, basi tuipime. Lori la mita 12 linapanda kwa kilomita 50 kwa saa. Matatu inataka kulipita kwa 80, ambao ndio ukomo wa magari ya abiria tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 na vidhibiti mwendo vikafungwa. Kutoka pale inapojitokeza hadi inaporudi kwenye njia yake kwa usalama, matatu hiyo itachukua sekunde 6 na kitu. Ndani ya muda huo itakwenda mita 140, na gari linalokuja mbele likiwa pia kwenye 80 litakwenda mita 140 nyingine. Kwa hiyo dereva anatakiwa kuona lami tupu ya karibu mita 280. Keumbu kwenda Keroka, pahali pa kuona mita 280 bila kona wala kilele si pengi.

Na hesabu hiyo ilimchukulia kuwa tayari ana 80. Aliyenata kwenye bampa la lori ana 50 tu kama lori lenyewe. Itambidi ahamie kwanza upande wa wenzake wanaokuja, halafu ndipo aanze kutafuta kasi huku anapanda. Juu ya hayo, akiwa mita 5 nyuma ya bodi pana namna ile haoni chochote isipokuwa maandishi ya nyuma ya lori. Aliyekaa mita 40 nyuma anaona kona, anaona pikipiki, na mwanya ukitokea ana nafasi ya kuongeza mwendo akiwa bado kwenye njia yake. Dereva anayejua kupita magari hukaa mbali. Ukimwona mtu amejibana, huyo hajui kupita, anabahatisha.

Kwa nini basi wanafanya hivyo? Sehemu ya jibu iko mfukoni. Matatu nyingi nchini huendeshwa kwa tageti: mwenye gari anataka kiasi fulani jioni, kinachozidi baada ya mafuta ni cha dereva na makanga. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifuatilia matatu zaidi ya 200 jijini Nairobi kwa vifaa vinavyoonyesha gari lilipo na linavyoendeshwa, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba mwenye gari alipopata habari hizo, uendeshaji wa kuliumiza gari ulipungua. Maana yake ni kwamba sehemu ya ule ukali si tabia ya kuzaliwa. Ni mapatano ya fedha kati ya watu wawili, na wewe uliye mbele umejikuta katikati yao. Abiria aliyesimama Keumbu atachukuliwa na gari litakalofika kwanza. Hapo dereva haoni sekunde moja na nusu, anaona nauli.

Sehemu nyingine iko kichwani mwetu sote. Wanasaikolojia wamezoea kueleza kwamba mtu akifanya kosa sisi hulihusisha na moyo wake, na tukilifanya wenyewe tunalihusisha na hali. Yeye amenifuata karibu kwa kuwa ni mshenzi. Mimi nilimfuata yule kwa kuwa nilichelewa mazishi. Hasira inayotokana na hukumu hiyo ndiyo inayomfanya mtu mpole afanye mambo mawili ya kijinga. La kwanza ni kukanyaga mafuta ili amkimbie. Sasa wako wawili wenye kasi, na nafasi kati yao ni ile ile. La pili, ambalo madereva hulisimulia kwa fahari wakinywa chai, ni kumkanyagia breki ghafla ili “ajifunze”. Kumbuka zile mita 8. Ukikanyaga breki kwa nguvu ukiwa kwenye 60, na wa nyuma akachukua sekunde moja tu kushtuka, atakugonga kwa tofauti ya mwendo wa kama kilomita 25 kwa saa. Watu husema aliyegonga nyuma ndiye mwenye makosa. Huenda hata trafiki akakubaliana nawe. Lakini shingo yako ilikuwa mbele, na watoto wako walikuwa kiti cha nyuma.

Kuna jambo moja unaloweza kulifanya, na ni kinyume cha unavyojisikia kulifanya. Nafasi ya nyuma yako huna mamlaka nayo. Ya mbele yako ni yako. Iongeze.

Twende na namba tena, kwa kuwa hapa ndipo penye siri yote. Uko kwenye 60, kuna gari mbele yako na mjibanaji nyuma yako, mita 8. Gari la mbele linafunga breki kwa nguvu zote. Kama uliliachia nafasi ya sekunde 2, na ukachukua sekunde moja kushtuka, utalazimika kupunguza mwendo kwa karibu mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Hiyo ni breki ya kuangusha mizigo kwenye kiti. Kama ulikuwa umeliachia sekunde 4, nusu ya nguvu hiyo inatosha, breki ya upole kama ya kukaribia tuta. Kwa breki ya namna hiyo, yule wa nyuma akichelewa sekunde nzima atakuwa amekukaribia kwa mita moja tu, na akishtuka anayo nafasi ya kukanyaga kwa nguvu kuliko wewe na kubaki salama. Umempa muda ambao alikataa kujipa. Hastahili, sawa, ila hesabu hiyo si ya kumlipa yeye.

Kuipima nafasi hakuhitaji kifaa. Chagua nguzo ya umeme au kivuli cha mti juu ya lami. Gari la mbele likiipita, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, elfu moja na nne. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno kwa siku ya mvua au kwa siku yenye mtu mgongoni.

Kingine ni taa za breki. Ukishuka kuelekea sokoni kwa kushikiliwa na gia, gari linapungua mwendo lakini nyuma hakuna taa inayowaka, na aliyejibana hapati habari mpaka ameziba kioo chako. Ukiona matuta ya Keumbu yanakuja, gusa breki kidogo, mapema, mara mbili, bado ukiwa na mwendo. Hiyo si ile breki ya kumkomesha, ni barua. Na penye upana wa kutosha, kwenye bega la barabara lisilo na watu au kituo cha kushusha abiria, washa ishara ya kushoto, punguza taratibu na umwache apite. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni kushindwa. Mimi naona gari lenye breki nisizozijua, lililobeba watu 11, ni heri liwe mbele yangu nikilitazama kuliko liwe nyuma nikilisikiliza. Ila usihame ghafla kwa woga ukaingia kwa wauza ndizi: katika nchi hii, ambako zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu.

Hayo yote ni ya aliye mbele. Lakini wengi wetu tupitao Keumbu hatuna gari. Tumo ndani ya lile linalojibana. Na kwa ajili yetu kuna utafiti uliofanywa Kenya ambao dunia imeusoma kuliko tulivyousoma sisi wenyewe. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichagua matatu kwa bahati nasibu na kubandika ndani yake vibandiko vinavyowahimiza abiria wampigie dereva kelele akiendesha vibaya. Hakuna askari aliyeongezwa, hakuna sheria mpya. Madereva waliovitunza vibandiko waliingizwa kwenye droo ya zawadi, basi. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima ya magari yenye vibandiko yalishuka kwa nusu au zaidi yakilinganishwa na mengine. Jaribio likarudiwa kwa maelfu ya magari nchini, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, na upungufu ukawa kati ya robo na theluthi. Kampeni yenyewe ilijulikana kwa neno moja la Kiswahili: Zusha.

Vibandiko vingi vimekwisha chubuka, lakini kilichofanya kazi kilikuwa sauti ya abiria, nayo haichubuki. Dereva akijibana nyuma ya gari la mwalimu pale Keumbu, usimtukane, maana atabishana nawe huku anaendesha. Mwambie tu, “Dereva, muachie nafasi, tutafika.” Akinyamaza, mama aliye kando yako aseme pia. Abiria mmoja anayelalamika ni msumbufu, wanne ni nauli inayoweza kushuka Keroka, na dereva anaijua hesabu hiyo kuliko hesabu zote zilizo katika makala haya.